Jina Baadaye

Sitataja jina lake. Ninalijua vizuri, na wapo watu Mbulu na Hanang watakaomtambua kabla sijafika mbali, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyetuzoesha hivyo. Ukimpelekea jani ukaanza kumwambia, "Mwalimu, hili ni la mti fulani," alikuwa anainua kiganja kama askari wa barabarani. "Jina baadaye," anasema. "Kwanza niambie unaona nini." Basi na mimi nitasema nilichoona.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, kule juu kwenye baridi, pembeni ya mji wa Mbulu. Wanafunzi wenyewe tulikuwa watu wazima, walimu wa shule za msingi tuliorudishwa darasani kujiendeleza. Mimi nilichagua Kiswahili na Historia. Lakini kila aliyechagua masomo ya sanaa alitakiwa kupitia somo moja la sayansi, Utangulizi wa Elimu ya Viumbe, na asiyefaulu hilo hakupewa cheti hata kama insha zake zingewaliza watu. Tulilichukia kabla ya kuliona. Miaka ile mashamba ya ngano kule chini Hanang yalikuwa bado ya serikali, na mtu wa sayansi kwetu alikuwa mtu wa mashine kubwa, dawa za kunyunyizia na koti jeupe. Sisi tulikuwa watu wa maneno. Tulikubaliana kwamba tutakariri, tutatapika siku ya mtihani, na tutasahau siku inayofuata.

Akaingia mtu mfupi mwenye koti la kijivu ambalo mifuko yake ilining'inia kwa uzito. Ndani ya mifuko ile, tulikuja kujua, kulikuwa na mbegu, makokwa, maganda ya wadudu, penseli bila ncha, na mara nyingi kipande cha mkate. Alikuwa na tabia ya kutembea akiangalia chini, polepole, hadi watu wa sokoni wakawa wanamuuliza amepoteza nini. "Bado sijapoteza," anawajibu, na anaendelea kutafuta.

Siku ya kwanza hakuandika kitu ubaoni. Alitutoa nje, kila mtu akalete kitu kimoja kilicho hai. Tukarudi na majani, sisimizi, panzi aliyekosa mguu mmoja. Mwenzetu mmoja wa Mogitu, mwalimu wa Siasa, mtu mkubwa wa mwili na mwenye maneno, alirudi mikono mitupu. "Nimejileta mwenyewe, Mwalimu." Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alimzunguka yule bwana taratibu kama mtu anayetaka kununua fahali, akasema, "Vizuri. Thibitisha." Kipindi kizima kikaishia hapo. Anapumua? Anakula? Anahisi? Tulipofika kwenye kukua, alimtazama tumboni akasema hapo ushahidi upo wa kutosha, tuendelee.

Mimi nilikuwa nimeleta punje ya ngano. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya Basotu, na kila akirudi nyumbani nguo zake zilikuwa na ngano kwenye pindo na mifukoni. Niliokota moja kwenye koti lake bila kufikiri sana. Wenzangu wakasema hiyo imekufa, imekauka, ukiiuma inavunja jino. Mwalimu aliishika kwa vidole viwili, akaniuliza mimi ninaonaje. Nikasema sijui. Alifurahi kweli kweli. Alisema hilo ndilo jibu la kwanza zuri alilosikia tangu asubuhi. Tukailaza kwenye pamba yenye maji, dirishani, na baada ya siku chache ikatoa kijimzizi cheupe. Alituita tukaizunguka. "Ilikuwa hai siku zote," alisema. "Ilikuwa inasubiri tu."

Hakutaka tuwe madaktari. Alilisema hilo kila mara tulipolalamika. "Sitaki muwe madaktari. Nataka msidanganyike." Alikuwa na hadubini moja tu, ya shaba, isiyotumia umeme, yenye kioo kidogo chini cha kunasa mwanga wa jua. Siku za ukungu, na Mbulu ukungu si mgeni, hadubini ilikuwa haina kazi, na yeye alinung'unika mlangoni akitazama mbingu kama mkulima aliyeanika mahindi. Jua likichomoza alikuwa anakatisha somo la mwenzake yeyote. Anafungua mlango wa darasa la Historia, anasema, "Samahani sana, jua," na sisi tunatoka mbio. Mwalimu wa Historia alimchukia kwa hilo mwaka mzima.

Nisije nikamfanya malaika, maana hakuwa. Alikuwa na hasira za karibu. Alikuwa mchafu wa meza. Alitufundisha habari za vijidudu mpaka tukaogopa kushikana mikono, halafu mkate wake ukianguka sakafuni aliuokota, akaupuliza, akaula. Tulipomkodolea macho alisema vijidudu navyo vinahitaji muda wa kupanda. Na chura wa kupasua hakuweza kumuua. Alimpeleka kwa mpishi wa chuo ndani ya kopo, akasimama nje ya jiko akitazama pembeni. Mpishi alituhadithia kwamba mara mbili chura huyo alirudi mtoni badala ya kwenda darasani, na tukachorewa ubaoni.

Halafu kulikuwa na suala la ng'ombe. Mwalimu wa viumbe aliogopa ng'ombe. Alikuwa anaweza kukuchorea matumbo yote manne ya ng'ombe huku amefumba macho, lakini akikutana naye njiani alipanda kingo za barabara, akashika mti. Kwa nchi yetu hiyo ni aibu kubwa. Wanafunzi wenzetu waliokulia kwa wafugaji wa uwanda wa Hanang walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakukana. "Nawajua kwa ndani," alisema. "Kwa nje bado hatujaelewana."

Mke wake tulimfahamu kwa mikate. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwenye sauti ya chini, aliyeoka mkate kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kwa unga wa ngano ya kule kule Basotu. Kila mkate aliufunga kwenye kitambaa safi. Mwalimu akimwongelea alisema "mwenye nyumba", na sauti ilibadilika kidogo, ikawa ya mtu aliyevua viatu. Hawakujaliwa watoto wengi, walikuwa na binti mmoja tu. Habari zaidi ya hapo hakutupa, na sisi hatukuuliza.

Sasa nieleze kitu ambacho mgeni hawezi kukijua. Kwetu Wairaqw, mwanamke akifiwa na mtoto mchanga, au mtu akifiwa na mwenzi wake wa ndoa, nyumba ile inakaa kando. Tunaita metimani. Wenye nyumba hawaendi kwa watu, hawashiki mkono wa mtu, hawali chombo kimoja na jirani, na kitu cha nyumba ile hakitoki kwenda nyumba nyingine. Ng'ombe wao hawachanganyiki na wa wengine. Hukaa hivyo miezi, hadi wazee waseme basi na mambo ya utakaso yafanyike. Siku hizi kanisa na shule vimeipunguza sana, lakini wakati ule, hasa vijijini, haikuwa jambo la mzaha.

Mwalimu wetu alilijua hilo kwa njia ngumu. Kisa hiki ni cha mpishi, kilitokea kabla yetu. Alipokuwa mgeni, alisikia nyumba fulani karibu na chuo imefiwa na mtoto. Akaona ubinadamu ni kwenda kutoa pole. Akaingia moja kwa moja, akashika mikono, akakaa, akanywa chai kwenye kikombe cha pale, akarudi chuoni ameridhika na nafsi yake. Kesho yake mama wa maziwa aliweka chupa mbali, juu ya ukuta, akaondoka bila salamu. Mpishi alimwekea sahani nje. Darasani wanafunzi walibanana viti vya nyuma. Yeye akadhani wamesikia ana ugonjwa. Alipoelezwa na Mkuu wa Chuo aliwaka. Akawapa somo zima la vijidudu, kwamba huzuni haiambukizi kwa kikombe. Walimsikiliza kwa heshima, wakabaki viti vya nyuma. Mwishowe mpishi alimwambia, "Mwalimu, wewe una haki yako, lakini na wao wana watoto nyumbani." Basi akatoka nje, akasimama dirishani, na muda wote hadi wazee walipomweka sawa alifundisha akiwa nje na darasa likiwa ndani, mvua kwa jua. Mpishi alisema hajawahi kufundisha vizuri vile.

Mwaka wangu wa chuo nilikuwa mjamzito. Nilikuwa nakaa kijijini Daudi kwa mama mkwe wangu, natembea kwenda chuoni na kurudi. Mtoto alikuwa wa kwanza. Alizaliwa amekwisha kufa, msichana, kitovu kimemzonga shingoni. Sitaandika zaidi juu ya siku hiyo. Mume wangu alikuja kuzika, akarudi Basotu kwenye kambi ya mashamba, ambako watu wa kila kabila wanalala chumba kimoja na hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka kwenye nyumba ya namna gani. Mimi nilibaki na mama mkwe, na nyumba ikakaa kando.

Ilikuwa muhula wa mwisho. Masomo mengine nilikwisha kuyamaliza, yalibaki Viumbe na mtihani wake. Nisipoufanya, napoteza nafasi, na nafasi ya pili haikuwapo, maana shule yangu ilikuwa imenipa ruhusa ya mara moja tu. Nilijua hivyo na sikujali, au nilijiambia sijali. Nilikaa mlangoni natazama mfereji mdogo unaopita mbele ya nyumba, ambao ndio ulikuwa mpaka wetu, na ng'ambo yake kijia cha watu. Watu walipita wakiharakisha. Nilianza kuamini kwamba mikono yangu ina kitu.

Jumamosi moja alasiri nikaona koti la kijivu likija kwenye kijia, likitembea pembeni kabisa kwa sababu ya ng'ombe wa jirani.

"Shikamoo, mama," aliita akiwa ng'ambo ya mfereji. Mama mkwe alimzidi umri.

"Marahaba. Usivuke, Mwalimu. Nyumba hii iko kando."

"Sivuki, mama. Najua. Naomba nisimame hapa hapa niongee na mwanafunzi wangu."

Mama mkwe alifikiri. Alikuwa mwanamke wa sheria. "Kuongea ongea," alisema mwishowe. "Maneno hayabebi kitu."

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Pole sana, mwalimu mwenzangu. Mwenye nyumba anakupa pole, amekuletea mkate." Aliuweka juu ya jiwe lililokuwa katikati ya mfereji, akarudi nyuma hatua kadhaa, nami nikasogea, nikauchukua na kurudi. Ulikuwa bado wa moto. Halafu akatoa mfukoni mche wa maharage ulio na mizizi na udongo wake, akauweka pale pale. "Tuliishia kwenye mizizi," alisema. "Chukua. Jina tunalijua. Niambie unaona nini."

Nilimchukia dakika ile. Mtoto wangu yuko ardhini, na huyu ananiuliza habari za mizizi. Lakini nilikuwa na mche mkononi na watu wawili wananitazama, nikasema naona vinundu. Akauliza viko wapi. Nikasema hapa na hapa. Akauliza ndani vina rangi gani. Nikapasua kimoja kwa kucha, nikaona wekundu kama wa damu kidogo, na nikamwambia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi nimeangalia kitu kwa makini bila kukiona kaburi.

Alikuja kila Jumamosi. Kutoka chuoni hadi kwetu ni mwendo, na njia ile alasiri ni ya mifugo inayorudi majini, kwa hiyo alifika na matope, amepandia kingo na kuteremkia mashamba ya watu. Siku nyingine somo lilikatika katikati kwa sababu ng'ombe wamepita. Alirukia juu ya kingo, akakumbatia mti wa mkaratusi, na kutoka pale juu akaendelea kuuliza maswali ili nisigundue. Mama mkwe alicheka siku hiyo, kicheko cha kwanza kwenye nyumba ile. Alificha uso kwenye khanga lakini mabega yalimsaliti.

Mikate iliendelea. Kwa kuwa kitu cha nyumba yetu kilikuwa hakitoki, vitambaa havikurudi, na vikarundikana kwenye kapu. Tuliona jinsi vilivyokuwa vinamwishia mwenye nyumba kule chuoni. Kwanza vilikuwa vya meza, baadaye kipande cha khanga, mwishowe mkate ulikuja umefungwa kwenye foronya nyeupe yenye maua ya uzi mwekundu, mshono wa mkono. Nililala na foronya ile chini ya shavu.

Mama mkwe mwanzoni alikaa ametupa mgongo, anachambua maharage, kuonyesha kwamba hayamhusu. Baadaye akawa anachambua polepole zaidi. Siku moja akasema, bila kugeuka, "Muulize, kwa nini mahindi yangu ya upande wa juu yana majani ya njano."

"Mama anauliza..." nikaanza.

"Mwambie mama udongo wa juu umechoka. Apande maharage hapo msimu ujao, kwa ajili ya vile vinundu."

"Mwambie nimesikia," akasema mama mkwe.

Wakazoea kuzungumza hivyo, kupitia kwangu, wakiwa wanasikiana vizuri kabisa.

Wiki zikaenda. Tulimaliza majani, tukaingia kwenye damu na moyo. Halafu Jumamosi moja akaanza kuzungumzia urithi, kwa nini mtoto anafanana na bibi yake. Mpangilio wa masomo nilikuwa naujua tangu mwanzo wa mwaka. Nikamkatisha.

"Mwalimu, umeruka uzazi."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, na koti lile lilikuwa chafu kuliko miwani. "Nimeruka kwa makusudi."

"Najua. Nautaka."

"Hapa? Kwa sauti hii?" Maana masomo yale tulikuwa tunapazia sauti, na ng'ambo ya bonde majirani walikuwa wamezoea kuacha majembe wakasikiliza.

Nilimgeukia mama mkwe kuomba ruhusa, lakini yeye alikuwa ameshaweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza alimwambia moja kwa moja. "Fundisha, Mwalimu. Mimi nimezaa na nimezika. Hakuna aliyewahi kuniambia mle ndani kulikuwa na nini."

Basi mwalimu alikuja hadi kwenye ukingo wa mfereji, akakaa chini kwenye majani, na sisi wawili tukasogea kwenye ukingo wetu, tukakaa. Maji yalikuwa kidogo tu, yanapita katikati yetu. Aliteremsha sauti. Alitueleza kondo, jinsi mtoto anavyopata hewa bila kupumua na chakula bila kumeza, jinsi anavyogeuka na kucheza mle majini. Alichora kwa kijiti kwenye tope la upande wake, na sisi tukachungulia.

"Na kitovu kikizonga?" nikauliza.

"Basi kimezonga. Mtoto anageuka, kinamzunguka. Wengine kinalegea, wengine kinakaza."

"Kwa sababu ya nini?"

"Kwa sababu ni kirefu na mtoto anacheza. Naona hayo tu. Ulikuwa unampa hewa hadi ilipokuwa haiwezekani tena." Aliweka kijiti chini. "Mkosi, laana, uchafu, hayo ni majina. Watu wameyaweka kabla ya kuangalia."

Nililia, na nililia kwa sauti, sikujali ng'ambo ya bonde. Hakusema nyamaza. Mama mkwe alinishika goti, akamwambia Mwalimu, "Lakini nikuambie na wewe. Metimani si ya kumlaumu. Inamwacha alie bila kutumwa maji, bila kuitwa shambani, bila kuulizwa maswali. Ninyi chuoni mngempa siku ngapi?"

Mwalimu alitafuta jibu kwenye mifuko yake yote. "Tatu," alisema.

"Unaona."

"Naona, mama," alisema, na hakubisha tena.

Mtihani ulipokaribia, Mkuu wa Chuo alisema haiwezekani. Mtahiniwa anafanyia mtihani ukumbini. Na hata kama angefanyia nyumbani, karatasi itoke kwenye nyumba ile, nani ataishika? Nilisikia baadaye kwamba Mwalimu aligombana naye hadi chai ikapoa. Sijui alitumia hoja gani, ila najua alitishia kusimama tena nje ya dirisha mwaka mzima. Matokeo yake ni kwamba nilifanya mtihani kwa mdomo. Mkuu wa Chuo mwenyewe alikuja kuwa shahidi, amevaa tai, akasimama kwenye kijia pembeni ya Mwalimu, viatu vyake vinameza matope. Ng'ambo ya bonde watu walikuwa wameshakaa. Nadhani hakuna mtahiniwa wa Elimu ya Viumbe aliyewahi kuwa na hadhira ile.

Mwalimu hakunihurumia hata kidogo. Aliuliza kama hatujawahi kuonana. Moyo, majani, damu, vinundu. Aliuliza uzazi pia, na nilijibu, na sauti yangu ilifika ng'ambo. Kisha akaniuliza mmea unanyonya maji kwa kutumia nini hasa, na swali hilo rahisi likanipotea. Nikatazama mfereji. Nyuma yangu nikasikia mnong'ono, "Vinywele. Vinywele vya mizizi."

"Mama," alisema Mwalimu kwa heshima yote, "naomba usimsaidie mtahiniwa."

Mkuu wa Chuo alicheka hadi akashika tai yake. Swali lile nilinyimwa alama. Mengine nilipata, na nikafaulu. Wazee waliposema basi na nikarudi kati ya watu, niliingia darasani kwake nikitarajia sijui nini, labda wimbo. Aliniona mlangoni. "Kaa," alisema, "jua linatoka." Akaninyooshea mkono tukasalimiana, akauchelewesha kidogo mkononi mwake, akaenda kwenye hadubini. Nilipotaka kurudisha vitambaa, mkewe alikataa. Alisema nivitumie tu, foronya atashona nyingine.

Nimefundisha maisha yangu yote baada ya hapo. Nilizaa tena, wako watatu. Mashamba ya ngano yakadorora, mume wangu akarudi Daudi na mgongo mbovu wa trekta, mama mkwe tukamzika akiwa mzee sana, na hadi mwisho alipanda maharage upande wa juu. Mwalimu alistaafu, wakahamia Mogitu, kwenye kiwanja kidogo chini ya mlima Hanang. Tulikuwa tunaagiziana salamu kwa watu wa minada.

Kisha salamu ikaja kwamba mwenye nyumba amefariki. Ilichelewa kunifikia, wiki kadhaa baada ya mazishi. Nilichukua gari la kupitia Basotu. Kule ambako zamani ngano ilikuwa inafika hadi mwisho wa macho kulikuwa na vishamba vya watu, ng'ombe, na nyasi. Gari lilisimama kupoza injini. Nikashuka kunyoosha miguu, na pale kando ya barabara nikaona shina moja la ngano katikati ya magugu, lililojiotea lenyewe. Nililing'oa na mizizi yake.

Binti yake alinipokea barabarani, nje ya ua wa minyaa. Macho yake yalikuwa yamechoka. "Tangu tumzike mama hajatoka nje, Mwalimu," aliniambia. "Wageni wanaingia, wanampa pole, anaitikia asante, basi. Hata mlangoni hafiki. Yeye si wa mila za kwenu, lakini nashindwa kumwelewa."

Niliingia hadi uani, nikaishia hapo. Mlango ulikuwa wazi. Nilimwona ndani, kwenye kiti, amevaa koti lile lile au mdogo wake, mifuko imelala mitupu. Binti yake alinionyesha ishara niingie. Nikatikisa kichwa.

Kulikuwa na jiwe uani, la kufulia, na mbele yake kijifereji cha kupitisha maji. Nilifungua kifurushi changu. Nikatandika juu ya jiwe foronya nyeupe yenye maua ya uzi mwekundu, imefuliwa hadi imekuwa nyepesi kama karatasi, na juu yake nikalaza shina la ngano. Nikarudi nyuma, ng'ambo ya kijifereji.

"Shikamoo, Mwalimu," niliita.

"Marahaba." Sauti ilikuwa imezeeka. "Nani huyo? Pita ndani."

"Sipiti, Mwalimu. Kuna kitu juu ya jiwe. Njoo uniambie unaona nini."

Nikawa nasema moyoni, nimekosea, nimemfanyia mzaha mzee aliyefiwa. Halafu kiti kilisogea. Akatokea mlangoni, ameshika fremu, macho yanapambana na jua. Alishuka kizingiti. Alitembea akiangalia chini, polepole, kama zamani sokoni, hadi kwenye jiwe. Aliinama.

"Foronya," alisema.

"Jina baadaye, Mwalimu."

Alipitisha kidole juu ya maua. "Naona uzi mwekundu. Naona mshono wa mkono... hapa alikosea, akafumua, akarudia. Matundu ya sindano bado yapo." Alisimama hapo kidogo na kidole chake juu ya matundu. Machozi yalishuka bila yeye kuyafuta. Kisha akainua shina la ngano, akageuza mizizi juani, akatoa miwani mfukoni na kuifuta kwa pindo la koti. "Hii haikupandwa na mtu. Udongo wake ni mweusi, wa uwandani. Masuke ni madogo, shina halijapata mbolea. Lakini punje zimejaa. Hii hapa ukiiweka kwenye maji inaota."

"Inasubiri tu," nikasema.

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Alinitazama mikono, uso, mvi zangu zilizotoka kwenye kilemba. Nilitaka kumsaidia, nikamwambia, "Mwalimu, mimi ni..."

Akainua kiganja.

"Jina baadaye," alisema. "Vuka kwanza."

Nikavuka.